Mwanzi wa Kugusa Chini

Siku ya kuniaga kazini walinipa kipaza sauti. Nikawashukuru wote waliokuja, nikakirudisha. Mshereheshaji alidhani nimenyamaza ili nivute pumzi, akasubiri. Katika ukimya ule, bibi mmoja aliyekaa nyuma, karibu na masufuria ya pilau, akaniuliza kwa sauti iliyofika ukumbi mzima, "Baba, imeyeyuka?" Wazee wenzangu wawili watatu wakacheka hadi wakafuta machozi. Ninyi vijana mkaangaliana. Nikamjibu yule bibi, nikaketi, na Neema, fundi wetu wa maabara, akaja kuniinamia sikioni akitaka kujua swali lile lilihusu nini. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema, "Basi mzee, andika, maana kusema hutasema."

Kesho yake akaniletea daftari la kurasa mia moja. Tumefanya kazi pamoja miaka sita na bado anadhani naweza kujaza kurasa mia moja. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akikusanya madaftari wakati mimi bado naandika tarehe. Nimeanza kuandika haya kabichi zangu zikiwa miche, sasa tumeshazila. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua, kwa kuwa ndio huo huo wenu.

Nilianza kama kibarua wa kufyeka majani kuzunguka mtambo wetu mdogo wa maji, pale chini ya mlima. Nilikuwa kijana mwenye haya kiasi kwamba nikikutana na mtu mzima njiani niliamkia viatu vyake. Kufyeka kulinifaa, kwa sababu majani hayaulizi kitu. Ningefyeka hadi leo kama msaidizi wa chumba cha dawa asingehamia kwenye mashamba ya miwa. Mkuu wa chumba kile, Mzee Mkude, alihitaji mtu wa kubeba magunia, akanichagua mimi. Nilijivuna wiki nzima, hadi aliponieleza sababu: yule msaidizi wa kwanza alikuwa na maneno mengi, na mimi nilikuwa kibarua pekee ambaye hajawahi kumsikia akisema chochote.

Mzee Mkude alikuwa Mluguru wa Mgeta, mwembamba, koti la kaki, na katika mfuko wa koti lile kulikuwa na bilauri ya kioo siku zote. Wengine hubeba sigara. Asubuhi yangu ya kwanza alijaza bilauri tatu maji, moja akatia chumvi, ya pili mchanga wa mtoni, ya tatu mafuta ya kula, akanipa kijiko nikoroge. Nilikoroga kama mtu aliyeitwa na polisi. Akanionyesha ile ya kwanza.

"Chumvi iko wapi?"

"Imekwisha, mzee."

"Onja."

Nikaonja.

"Imekwisha au ipo?"

"Ipo."

"Basi usije ukaniambia tena kitu kimekwisha kwa kuwa hukioni."

Nilitaka kumwambia nimeelewa, lakini mdomo ulikuwa umejaa chumvi na haya. Akaendelea mwenyewe. Alisema maji yana mikono miwili isiyofanana. Mmoja unashika chumvi upande huu, mwingine unashika upande ule, yanaivuta hadi inaachiana, chembe kwa chembe, na kila chembe inabaki imezungukwa na maji. Mchanga umeshikamana kupita nguvu za mikono ile. Mafuta hayana pa kushikwa. Neema anaeleza jambo hili kwa haidrojeni na oksijeni, na maelezo yake ni bora zaidi, lakini mimi nimestaafu na mikono yangu miwili na imenitosha.

Kazi yetu kubwa ilikuwa shabu. Masika yakianza, mto unashuka kutoka Uluguru ukiwa rangi ya tofali, na tope lake ni laini mno. Ukiliacha ndooni hadi kesho bado linaelea. Shabu ndiyo inayofanya chembe zile zikamatane, ziwe manyoya manyoya, zizame. Lakini shabu yenyewe lazima kwanza iyeyuke vizuri kwenye tangi lake la saruji, ndipo ipite kwenye bomba dogo na kuingia kwenye maji ya mto kwa kipimo. Wakati ule ilikuja kwa mabonge kama barafu chafu. Magunia mawili kwa tangi, maji hadi alama, kisha mota inazungusha kasia la chuma hadi yote iyeyuke.

Nilijifunza polepole na kwa kuharibu. Nilijifunza kuwa maji ya baridi ni mavivu: mwezi wa saba, maji ya mlima yakiuma vidole, bonge lile lile linachukua muda mara mbili. Nilijifunza kuwa chokaa haiyeyuki kwa maana ya kuyeyuka, inajifanya tu, na ukiacha kuikoroga inalala chini kama mlevi. Klorini ya unga nilijifunza kwa suruali. Niliinama juu ya ndoo yake bila aproni, nikarudi nyumbani na suruali ya madoa meupe, na mwenye nyumba akaniuliza kama nimehamia jeshini. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua muda.

Nyuma ya mlango wa chumba cha dawa ulining'inia mwanzi mkavu, mrefu kunizidi, umetundikwa kwa kamba. Sikuuliza ni wa nini. Nilikuwa na utaratibu wangu wa kutouliza: nikiona kitu nisichokijua, nilikitafutia kazi mwenyewe kichwani, kisha nikaendelea na maisha. Mwanzi ule niliupa kazi ya kuulia nyoka. Nyoka hawakuja, kwa hiyo niliutumia kufukuza ngedere waliokuwa wakiiba mapera uwanjani. Siku moja Mzee Mkude alinikuta nikikimbia nao huku na huku, akatikisa kichwa na kupita. Nilidhani anawahurumia ngedere.

Sasa nafika kwa yule bibi wa ukumbini. Huyo ni Mama Tausi. Alihamia Morogoro kutoka Kondoa akimfuata mumewe aliyeajiriwa kiwandani, na mume alipofariki akafungua kibanda cha chai kule Mafiga, kwenye njia niliyopita kila asubuhi kwenda kazini. Chai yake ilikuwa ya maziwa, na maziwa aliletewa kwa baiskeli kutoka upande wa Kingolwira. Kibanda kile kililisha watoto wanne. Watu walimwamini kwa jambo moja: hakuongeza maji kwenye maziwa. Wauzaji wengine waliongeza, kila mtu alijua, lakini si Mama Tausi.

Masika moja mota ya kasia ikaungua. Siku hiyo hiyo Mzee Mkude akaitwa Mgeta msibani. Aliniachia chumba mchana kutwa, mara ya kwanza, akasema nikoroge kwa kasia la mbao na nisiandike kwenye daftari la zamu kabla sijahakikisha. Nilisema ndiyo, mzee. Hakunieleza nihakikisheje, na mimi, kwa utaratibu wangu mnaoujua, sikuuliza.

Nikatia magunia mawili. Nikakoroga hadi mabega yakaniwaka. Juu maji yakawa safi, yametulia, naona uso wangu. Nikasema moyoni, imeyeyuka. Nikaandika kwenye daftari la zamu, kwa herufi zangu nzuri kabisa, *Shabu imeyeyuka vizuri.* Sentensi hiyo ilinichukua dakika tano, nami nikaifurahia.

Kumbe nilikuwa nimekoroga juu tu. Bonge la shabu likikaa chini, maji yanayolizunguka yanashiba. Yakishashiba hayawezi kuchukua zaidi, na kwa kuwa sasa ni mazito, yanabaki pale pale chini, yamelifunika kama blanketi. Juu kuna maji matupu, chini kuna uji mkali wa shabu. Na bomba dogo linachota karibu na chini.

Hapo bado ningeweza kuokoka, maana tulikuwa na kipimo cha bilauri: unatia dawa kidogo kwenye maji ya mto, unakoroga, unaangalia kama manyoya yanatokea. Nikakifanya kwa uangalifu wote. Dawa nikaichota juu, ambako mkono unafika. Manyoya hayakutokea. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikafungua koki ya dawa zaidi. Nikajaribu tena, hayakutokea, nikaifungua yote, nikaenda kufukuza ngedere.

Asubuhi iliyofuata nilisukutua kwa maji ya bomba, ulimi ukakunjamana kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikailaumu dawa ya meno. Nikatoka, na kufika kwenye kibanda cha Mama Tausi nikakuta watu wamejaa, vikombe mkononi, hakuna anayekunywa. Chai ilikuwa imekatika. Mapande meupe yalielea juu ya maji ya kahawia. Sadiki, fundi baiskeli wa pale jirani, alikuwa ameinua kikombe chake ili wote waone.

"Mama, leo umetuuzia jibini?"

Mwingine akasema labda ng'ombe alilala na mawazo. Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Mwanamke mmoja alisema amesikia kuna watu wanatia unga kwenye maziwa ili yaonekane mazito, na tangu aliposema hivyo hakuna aliyecheka tena. Mama Tausi alikuwa amesimama na kijiko chake, akiapa kwamba maziwa ni ya asubuhi ile ile, yamekamuliwa alfajiri. Alikuwa ameshachemsha sufuria tatu, na zote tatu zimekatika. Bwana afya wa kata alikwisha kuitwa, naye alikuwa amefika. Alisema kwa upole kwamba kibanda kitafungwa hadi maziwa yapimwe Dar es Salaam, na kila mtu alijua maana yake: majibu yakirudi, wateja watakuwa kwingine na jina lake limekwenda.

Nikaangalia ndoo ya maji chini ya meza. Ndani yake yalikuwa yakielea manyoya meupe, laini kama pamba. Niliyajua manyoya yale. Yalikuwa yangu. Yalikataa kutokea kwenye bilauri yangu, yakaja kutokea Mafiga.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilisema kitu. Niliamkia viatu vya bwana afya, nikapita.

Mtambo niliufikia nikikimbia. Mzee Mkude alikuwa amerudi kutoka msibani, amesimama juu ya tangi, na mikononi ameshika ule mwanzi wa nyoka. Aliutumbukiza hadi chini na kuuvuta. Ukakwaruza kama mtu anayekanyaga kokoto. Akauinua, akautumbukiza upande mwingine. Ukakwaruza tena. Alikuwa amekwisha kufunga koki.

"Uligusa chini?"

"Hapana, mzee."

"Mwanzi ulidhani wa nini?"

Nikamwambia. Akaketi juu ya gunia na kucheka hadi akashika kiuno. Nilisimama pale nikingoja amalize ili anifukuze. Badala ya kufukuzwa nikajikuta namweleza habari ya Mama Tausi, yote, bila kupumua; nadhani ni maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia. Akaacha kucheka.

"Rudi ukawaambie."

Nikasema siwezi kusema mbele za watu.

"Basi usiseme." Akatoa bilauri mfukoni na kunipa. "Onyesha."

Nilirudi. Bwana afya alikuwa akiandika karatasi yake, na watoto wa Mama Tausi walikuwa wakikusanya vikombe. Sikumwamkia mtu. Jirani alikuwa na pipa la kukinga maji ya mvua chini ya bati. Nikachota bilauri moja, nikaimimina kwenye sufuria ndogo. Nikachota bilauri nyingine kutoka kwenye ile ndoo ya bomba, nikaimimina kwenye sufuria ya pili. Nikaomba maziwa kwa kidole. Mama Tausi alidhani nimerukwa na akili, lakini alinipa. Nikatia kipimo kile kile kote kuwili, nikaweka mkaani, nikachuchumaa. Watu wakasogea, maana mtu akichuchumaa bila kusema kitu lazima wengine watake kujua anaangalia nini.

Ya mvua ikachemka, ikapanda, nyeupe na laini. Ya bomba ikakatika vipande vipande.

Kisha Sadiki akasema, "Kumbe maji," na ghafla kila mtu alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba ni maji. Wakanipiga mabegani. Yule mwanamke wa unga aliniita mtaalamu. Mama Tausi aliketi kwenye benchi lake akafunika uso kwa kanga. Kwa muda mfupi, nakiri, nilikuwa mtu mkubwa Mafiga, na nilianza kufikiri kwamba mambo yamekwisha na naweza kuondoka.

Bwana afya akaweka kalamu. "Kijana, wewe umejuaje?"

Nikaangalia viatu vyake. Nilivijua vizuri kwa sasa. Wazo la kusema tulifundishwa shuleni lilinijia, na lingetosha. Lakini sufuria ilikuwa pale mbele yangu na vipande vyake, na Mama Tausi alikuwa ameshusha kanga akinitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Ninachanganya dawa pale mtamboni. Niliandika imeyeyuka. Ilikuwa haijayeyuka."

Mikono ikaondoka mabegani mwangu. Sadiki alisema kitu juu ya mtaalamu ambacho sitakiandika kwenye daftari la Neema. Mama Tausi akainuka. Nilidhani atanipiga kwa kile kijiko, na nisingemlaumu. Akachota kikombe kutoka kwenye sufuria ya kwanza ya asubuhi, ile iliyopoa na mapande yake, akaniwekea mezani.

"Kunywa."

Nikanywa.

Akajaza tena. "Hiki cha Sadiki."

Nikanywa cha Sadiki. Nikanywa na cha bwana afya. Watu walikuwa wameanza kucheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kawaida. Kinywa changu kikakauka na kukunjamana kiasi kwamba nilitamka maneno kwa shida hadi alasiri, jambo ambalo hakuna mtu aliyeligundua.

Nilipogeuka kuondoka aliniita. "Baba, na sasa hivi? Imeyeyuka?"

Nilijua jibu analolitaka. Nilikuwa nimeliandika jana kwa herufi nzuri. "Sijui, mama," nikasema, kwa shida ya ulimi. "Mzee Mkude anagusa."

Akatikisa kichwa, akamwaga ile sufuria, na kumtuma mwanawe kwenye pipa la mvua. Kibanda hakikufungwa.

Daftari la zamu halifutwi, mnajua. Ukikosea unachora mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika la kweli pembeni, unatia sahihi. Mzee Mkude aliniketisha nalo baada ya kusafisha tangi na mabomba. Niliandika, *Si kweli. Sikugusa chini. Shabu ilikuwa chini.* Ilinichukua karibu saa nzima, kwa kuwa neno sikugusa nililianza mara mbili vibaya na kila mara nikachora mstari. Meneja aliposoma alinirudisha kwenye majani. Nilifyeka miezi minne. Ngedere walinipokea vizuri.

Mwezi wa tano wa kufyeka, Mzee Mkude alikuja uwanjani na mwanzi, akanikabidhi, nikamfuata ndani. Tangu siku hiyo hadi nastaafu, sikuandika imeyeyuka kabla mwanzi haujapita chini pembe zote nne kimya. Mota mpya ilikuja, na baadaye shabu ya unga, na baadaye hizi dawa za maji ambazo vijana mnamimina tu. Niliendelea kugusa. Najua mlicheka. Mara mbili ulikwaruza, na mara zote mbili mota ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Wala sikuacha tena kuuliza, ingawa niliuliza kwa sauti ndogo na mara nyingi ilibidi nirudie.

Mama Tausi naye hakuacha kuuliza. Miaka yote, kabla hajanipa kikombe, aliuliza kama imeyeyuka. Asubuhi nyingi nilimjibu ndiyo, mama, nimegusa. Asubuhi nilizokuwa natoka mapumzikoni au zamu ilikuwa ya mwingine, nilimjibu sijui, na siku hizo alichota kwenye pipa la mvua. Alipomwachia Tausi kibanda, pipa alimwachia pia.

Neema, uliniuliza nilimjibu nini pale ukumbini, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimesharudi kwa mwenyewe na sauti yangu unaijua. Siku ile sikuwa nimegusa. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na viatu vya kubana, na funguo za chumba cha dawa nilikuwa nimekukabidhi asubuhi. Nilimwambia, "Sijui, mama. Kuanzia leo muulize Neema."

Kwa hiyo atakuuliza. Mwanzi uko nyuma ya mlango, nimeubadilishia kamba. Si wa nyoka.